Beberu ni mmoja au ni zizi zima?

Bandarini Mkoani boti ilikuwa imechelewa, na watu tulishachoka kuitazama bahari. Kijana mmoja alikuwa akiangalia simuni video ya maandamano ya London: bendera za Palestina, mabango mekundu, mabibi wa Kizungu wenye mvi wakipaza sauti kuliko vijana. Akauliza bila kumlenga mtu: "Hawa wa mrengo wa kushoto, mbona kwa Gaza wako kitu kimoja, lakini ukiwatajia Ukraine wanataka kung'oana macho?"

Mzee aliyekalia begi lake akamjibu: "Mwanangu, adui wa beberu ni rafiki yangu, basi. Mimi ngiri yangu kanitoa Mchina hapo hospitali ya Abdalla Mzee, na senti tano sikutoa. Mmarekani kanifanyia nini mimi?"

Jirani yake, mwanajeshi mstaafu kwa namna alivyokaa, akacheka. "Yakhe, hata Gaddafi alikuwa adui wa beberu. Mwaka 1979 tuko Uganda, askari wake walikuja kumtetea Amin. Zile risasi zilikuwa zikimtafuta beberu gani?"

Swali la kijana lilistahili jibu refu kuliko hayo. Lakini wazee wale walikuwa wameshaugusa mfupa wenyewe, ule ule unaogombewa na vyama, magazeti na makundi ya kushoto duniani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kiswahili chetu nacho kimechangia kulikaza fundo. Beberu ni mbuzi dume, yule mwenye ndevu na harufu yake, anayepita zizini akiwatisha wenzake. Siasa zetu zilipotafuta neno la kumwita mnyonyaji wa kimataifa zikamchukua yeye, na neno likakaa vizuri mno. Taabu yake ni kwamba lina sura. Ukisema beberu unamuona mtu, unaiona na bendera yake. Na mtu ana maadui, na maadui zake wanaweza kuwa marafiki zako. Waliouchambua ubeberu mwanzoni hawakuwa wakizungumzia mbuzi mmoja. Walikuwa wakizungumzia zizi, na jinsi madume yaliyomo humo yanavyopigana pembe.

Turudi nyuma kidogo. Neno "kushoto" limetokana na mahali pa kukaa tu: Ufaransa, 1789, waliotaka kumpunguzia mfalme nguvu walikaa mkono wa kushoto wa mwenyekiti wa bunge. Baadaye likawa jina la wajamaa, wakomunisti, vyama vya wafanyakazi na jamaa zao wote. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza vyama hivi vilikuwa na jumuiya yao ya kimataifa, na katika mikutano ya Stuttgart mwaka 1907 na Basel mwaka 1912 vilipitisha maazimio makali dhidi ya vita. Mfanyakazi wa Kijerumani, walisema, hana ugomvi na mfanyakazi wa Kifaransa.

Tarehe 31 Julai 1914 Jean Jaurès, msemaji mkubwa wa amani Ufaransa, aliuawa kwa risasi mkahawani Paris. Siku nne baadaye chama cha wajamaa wa Ujerumani, kikubwa kuliko vyote katika jumuiya ile, kikapiga kura bungeni kuidhinisha fedha za vita. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Walisema Tsar wa Urusi ni dhalimu zaidi, na akishinda yeye, wafanyakazi wa Ulaya nzima watakwisha. Wafaransa nao wakasema hivyo hivyo kumhusu Kaiser. Kila mmoja alimpata beberu wake, na kila mmoja akajikuta anaitetea serikali yake.

Karl Liebknecht ndiye aliyesimama peke yake bungeni Berlin tarehe 2 Desemba 1914 kukataa. Mwaka uliofuata, Septemba 1915, waliobaki na msimamo ule walikutana Zimmerwald, kijiji cha Uswisi. Walikuwa wajumbe 38, na magari manne ya farasi yaliwatosha.

Vita vile tulivisikia kwa masikio yetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, injini zimefunguliwa zinatengenezwa, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia wake wamelala mpaka leo kisiwani Chapwani, watalii wanakwenda kupiga picha makaburi yao. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya majeshi hawakupata makaburi mazuri kama yale. Wao walichoachiwa ni jina la Kariakoo, jina la kikosi chao lililopindwa na ndimi zetu.

Sasa sikiliza mabishano ya kinadharia ya wakati ule, maana kwetu yana ushahidi wa karibu. Karl Kautsky, mwananadharia wa wajamaa wa Ujerumani, alisema madola makubwa yanaweza kufikia mahali pa kuelewana, yakaacha kupigana na kuinyonya dunia kwa shirika. Lenin, akiwa uhamishoni Zürich mwaka 1916, akamkatalia. Mabenki na viwanda vimeungana, alisema, mtaji umejaa nyumbani unatafuta pa kwenda, na dunia imeshagawanywa yote. Anayetaka zaidi hana budi kumnyang'anya mwenzake, kwa hiyo kila mapatano yao ni mapumziko ya kati ya vita na vita.

Nani alikuwa sahihi? Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba: Mjerumani akachukua Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, Mwingereza akaachiwa Unguja na Pemba. Karani angetuandika katika ukurasa mmoja na jiwe lile. Huo ndio uelewano wa Kautsky, mezani, kwa kalamu na wino, na wakaazi wa visiwa hawakuulizwa. Miaka ishirini na nne baadaye walewale wawili walikuwa wakipigana mizinga mbele ya Forodhani. Huyo ni Lenin. Sisi tuliwapata wote wawili.

Na kabla hatujaondoka huko, kuna Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar. Waingereza walipoipiga kasri kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, visivyotimia hata saa moja, yeye alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Wajerumani wakamhifadhi, wakamvusha hadi Dar es Salaam. Adui wa beberu wake alikuwa rafiki kwelikweli, akampa kitanda na chakula. Wakati huohuo, upande wa pili wa mkondo, rafiki yule alikuwa ameshawanyonga waliomfuata Bushiri, na miaka tisa mbele angewateketeza watu wa kusini kwa njaa katika Vita vya Majimaji.

Mwaka 1917 mambo yakageuka, maana kushoto walipata dola. Serikali mpya ya Urusi ilianza kwa jambo ambalo wanadiplomasia hawajalisahau: ilizichapisha gazetini siri za mikataba ya Tsar na washirika wake, ukiwemo ule wa Waingereza na Wafaransa wa kugawana nchi za Waarabu. Lakini dola likishakuwa dola lina mipaka, lina maadui, linahitaji kuuza mafuta. Ikawa kila chama cha kikomunisti duniani kinabeba mizigo miwili, haki za watu wake na usalama wa Moscow, na mizigo ile haikuwa ikielekea bandari moja kila siku.

Mtu mweusi aliliona hilo mapema. George Padmore, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa akiongoza kazi ya jumuiya ya wakomunisti miongoni mwa wafanyakazi weusi. Mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani na Moscow ikaanza kutafuta urafiki na London na Paris, aliona kelele dhidi ya ukoloni wa Kiingereza na Kifaransa zinapunguzwa. Akatoka, na 1934 wakamfukuza rasmi. Oktoba 1935 Mussolini akaivamia Ethiopia. Wasovieti walimlaani mbele ya Shirikisho la Mataifa, huku mafuta yao yakiendelea kuuzwa Italia. Padmore hakwenda kwa mabeberu kwa hasira. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa waandaaji wa mkutano wa Manchester pamoja na Nkrumah, na Kenyatta alikuwemo. Mimi huwa namtaja kila ninapoambiwa kwamba ukiikosoa Moscow au Beijing umeshahamia Washington.

Ya 1939 nitayapita haraka kwa sababu yanachosha. Moscow ilitia saini mkataba na Hitler tarehe 23 Agosti. Wakomunisti wa Uingereza waliunga mkono vita dhidi ya Hitler, wiki chache baadaye wakaambiwa ni vita vya kibeberu, katibu wao Harry Pollitt akaondolewa kwa kukataa kugeuka, na Juni 1941 Urusi ilipovamiwa vita vikawa vitakatifu tena, Pollitt akarudishwa kitini. Mwaka 1956 ukaja mtihani mwingine: ndani ya wiki moja Waingereza, Wafaransa na Waisraeli wanaipiga Misri kwa sababu ya Suez, na vifaru vya Kisovieti vinaingia Budapest. Mabarazani kwetu, palipokuwa pakisikilizwa matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo, Suez ilikuwa jirani na Budapest ilikuwa mbali. Ulaya maelfu walivihama vyama vyao, na waliobaki kutetea vile vifaru wakabandikwa jina linalotokana navyo, "tankies", ambalo vijana wa mtandaoni wanatukanana nalo mpaka leo.

Halafu yakatufika.

Wafuasi wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu walijiita makomredi, na baadhi yao walitoka mafunzoni Cuba. Babu mwenyewe aliwahi kuliandikia shirika la habari la China. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 akawa waziri wa mambo ya nje, na Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki, jambo lililowapandisha presha Wajerumani wa Magharibi, maana sera yao ilikuwa kwamba anayeutambua ule upande mwingine amewakosea wao. Magazeti ya Magharibi yakatuita Cuba ya Afrika. Wamarekani wakafunga kituo chao cha Tunguu cha kufuatilia vyombo vya angani, ambacho vijana wa siasa walikuwa wamekipigia kelele miaka minne. Washington na London walihangaika kutafuta njia ya kuzuia kisiwa kisizame upande wa pili. Muungano ulipotimia tarehe 26 Aprili, wao walishusha pumzi. Kusema kwamba wao ndio walioutengeneza ni kumnyima Nyerere akili na sababu zake mwenyewe, ila hawakulia.

Kinachofundisha zaidi ni kilichofuata. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilitaka ubalozi wa Ujerumani Mashariki uondoke. Ukapatikana mwafaka wa ubalozi mdogo Dar es Salaam, Bonn hata huo haikuutaka, na mapema 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akaiambia ichukue na uliobaki. Mwezi Januari mwaka huohuo wanadiplomasia wawili wa Marekani walifukuzwa nchini, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, yule aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Nchi ndogo ilikuwa imejifunza kupita katikati ya mafahali.

Na huku ndani? Wajerumani wa Mashariki walijenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani, watu bado wanaishi humo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ikaitwa V. I. Lenin. Madaktari wa Kichina wanakuja tangu 1964, na mzee wa Mkoani hakusema uongo kuhusu ngiri yake. Lakini Wajerumani walewale walitoa pia wataalamu wa kufundisha idara ya usalama, na wengi wa rika la mzee yule wanajua mlango ukigongwa usiku ule ulikuwa na maana gani. Maelfu waliuawa katika Mapinduzi. Ukisoma waliyoandika wengi wa kushoto ng'ambo miaka ile utakuta usultani umeanguka na ubeberu umepata pigo. Makaburi utayatafuta sana. Na wa Magharibi waliokuwa wakiyataja makaburi, mara nyingi walikuwa na lao, waliikumbuka Tunguu yao. Babu mwenyewe, baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, alikamatwa akakaa jela Bara hadi 1978, huku mahakama ya Zanzibar ikimhukumu kifo bila yeye kuwepo.

Hapo ndipo unapoona matumizi ya macho mawili. Jicho moja linaangalia ramani: nani mkubwa, nani anamzingira nani, kituo cha nani kiko wapi. La pili linaangalia mlangoni: nani kachukuliwa, nani hakurudi. Wanaoitwa watu wa kambi, wanaomtetea yeyote aliye upande wa kumpinga Mmarekani, wana la kwanza tu. Wahubiri wa haki za binadamu wanaopanda ndege za NATO wana la pili tu. Libya ya 2011 iliwaaibisha wote: wa kambi walimpamba Gaddafi, wa ndege walishangilia azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, na mpango wa Umoja wa Afrika wa kusuluhisha ukawekwa kando kama sahani chafu.

Wanaodhani kwamba kambi yenyewe ilikuwa kitu kimoja wakumbuke Angola ya 1975. China ilikuwa imeisaidia FNLA, chama kimoja cha ukombozi, upande uleule wa Marekani, dhidi ya chama kingine, MPLA ya Wasovieti na Wacuba, na jeshi la makaburu likaingia kutoka kusini kupigana na MPLA hiyohiyo. Februari 1979 China ikaivamia Vietnam. Kwenye ramani ya mzee wa Mkoani hapo sijui angepaka rangi gani.

Sasa Ukraine. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi ilipovamia, kushoto wakatawanyika. Kundi la kwanza likasema chanzo ni NATO, iliyoahidi Bucharest mwaka 2008 kwamba Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama. Basi kazi ya mtu wa Magharibi ni kuipinga serikali yake kwanza, kama Liebknecht. La pili likajibu kwamba Liebknecht leo angekuwa Moscow, kwa sababu mvamizi ni Urusi, na taifa lililovamiwa lina haki ya kujitetea hata kwa bunduki ya Mmarekani. Kati yao wapo waliotaka mazungumzo mara moja, silaha zisipelekwe. Ujerumani mgawanyiko huo ulisaidia kukipasua chama: Sahra Wagenknecht akatoka kuanzisha chake Januari 2024. Finland, chama cha kushoto kilichokuwemo serikalini hakikutoka nchi ilipoomba kuingia NATO. Na Sotsialnyi Rukh, wajamaa wa Ukraine wenyewe, wanaipinga serikali yao kwa sheria zake za kazi huku wakiwaomba wenzao wa nje wasizuie silaha.

Kundi la kwanza lina hoja ambayo Magharibi haipendi kuisikia, na NATO si chama cha kufa na kuzikana. Ila linakwama mahali pamoja. Siku tatu kabla ya uvamizi Putin alihutubia taifa akamlaumu Lenin kwa jina, kwamba ndiye aliyeitengeneza Ukraine kwa sera yake ya haki ya mataifa kujiamulia. Kubeba picha ya Lenin na huku unamtetea Putin kunahitaji mikono mitatu.

Kwa lugha ya kwetu, jibu bora kuliko yote niliyoyasikia mwezi ule halikutoka kwa mtu wa kushoto. Balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alilikumbusha Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, na tungetaka kuidai ardhi ya kila ndugu wa kabila letu, tungekuwa bado tunauana. Tarehe 2 Machi mataifa 141 yaliitaka Urusi iondoke, 5 yakakataa, 35 yakajizuia, Tanzania ikiwemo. Watu wanauliza kama kujizuia ule ni msimamo wa kupinga ubeberu. Kwangu ni ujanja halali wa serikali inayofikiria ngano, mbolea na mikopo. Mwanaharakati hana meli ya ngano, hana sababu ya kuiga ukimya wa wizara.

Na Gaza? Pale ramani na mlango vinaonesha kitu kimoja: mwenye ndege na mwenye msaada wa dola kubwa ni yuleyule, na wanaofukiwa na vifusi wanajulikana. Ndiyo maana kushoto wako karibu, ingawa walizozana vikali kuhusu shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Afrika Kusini ilipofungua kesi dhidi ya Israel The Hague tarehe 29 Desemba mwaka ule, wengi walisimama nyuma yake. Lakini hata humo historia ina mwiba. Mwaka 1948 Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitambua Israel, na silaha za Czechoslovakia ndizo zilizoiokoa katika vita vyake vya kwanza. Moscow ilitaka Mwingereza atoke Palestina. Adui wa beberu, tena.

Boti ilifika baada ya saa mbili. Tulikaa pamoja, na nilipofika kwa Boris Kagarlitsky, mwanasoshiolojia wa kushoto aliyefungwa miaka mitano Urusi Februari 2024 kwa sababu ya maneno yake kuhusu vita, mzee alinikatiza.

"Marekani wangemfunga?"

Nikamwambia walimfunga Eugene Debs, mjamaa wao. Mwaka 1918, hotuba moja tu ya kupinga vita, miaka kumi. Akagombea urais akiwa gerezani, akapata kura zaidi ya laki tisa.

"Alitoka?"

"Alitoka Krismasi ya 1921. Rais aliyefuata alimfungulia."

"Na vita?"

"Vilikuwa vimeshakwisha."

Mwanajeshi mstaafu akacheka peke yake. Kijana alikuwa akilitafuta jina la Debs simuni, lakini mtandao ulikuwa umekatika, tuko katikati ya mkondo.